Upondo Juu ya Theluji

Kwetu Ifakara milima tunayo. Mvua ikikatika, ukisimama Lipangalala unaiona Udzungwa imejipanga kama ukuta, karibu hata unadhani ungeweza kuigusa. Lakini utotoni mwangu sikumsikia mtu hata mmoja aliyeipanda kwa kujifurahisha. Waliokwenda juu walikuwa na sababu zao: asali, mbuzi aliyepotea, au kuwakimbia askari wa boma waliokuwa wakikusanya kodi. Aliyeshuka salama alimshukuru Mungu, akanyoosha miguu, na hakuahidi kurudi.

Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba Ujerumani kuna milima ambako watu huenda wakati wa baridi kali, hulipa ili walale huko, na kutwa nzima hupanda kwa jasho ili tu wapate kuteremka, nilidhani sijaielewa lugha. Nilimwomba aliyeniambia arudie. Akarudia, na maneno yalikuwa yale yale.

Nieleze kwanza nilivyofika kwao. Nilikuwa kijana wa misheni, mtoto wa mvuvi wa Kindamba, mwenye mwandiko mzuri na majivuno yaliyouzidi mwandiko. Mapadri walinipeleka pwani, na kutoka pwani nikavushwa bahari hadi kwenye chuo kikuu cha mji mkubwa, niwafundishe Kiswahili vijana waliokuwa wakiandaliwa kuja kututawala. Asubuhi niliwafundisha, mchana niliruhusiwa kukaa benchi la nyuma na kusikiliza mihadhara ya wengine. Ndivyo nilivyosoma chuo kikuu, kwa kupitia mlango wa jikoni. Naona aibu kusema kwamba niliipenda kazi ile. Niliwafundisha watu kuamuru, na walipokosea niliwasahihishia amri zao.

Ndipo ikaja habari ya Maji Maji. Niliisoma kwenye gazeti, nimesimama kwenye baraza ya chuo: kituo cha Ifakara kimeanguka, boma la Mahenge limezingirwa. Gazeti lilikuwa na maneno mengi ya kuchekesha juu ya watu wanaoamini maji. Kuhusu watu wenyewe halikuwa na neno. Baba yangu alikwisha kufa zamani, na mama alikuwa akikaa peke yake karibu na mto Lumemo, na shamba lake la mpunga. Niliandika barua misheni, nikaandika nyingine, nikaandika ya tatu. Miezi ikapita. Nilijua majina ya wafalme wote wa Prusia kwa mpangilio, lakini sikujua kama mama yangu yu hai.

Wanafunzi wangu waliniona ninavyokonda. Ilipofika likizo ya Krismasi, mmoja wao, kijana mrefu kama mtama uliokosa jua, akanijia.

“Mwalimu,” alisema kwa Kiswahili chake cha kuchongachonga, “wewe hapa peke yako, wewe fikiri, wewe kufa. Twende milima.”

“Huko milimani sitafikiri?”

“Huko hakuna nafasi ya kufikiri. Huko anguka tu.”

Nikaacha posta anwani ya hoteli ya mlimani, nikaenda.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kucheka, na kwa siku ya kwanza nilicheka. Hoteli ilikuwa nyumba kubwa ya mbao, paa lake limeshuka karibu kugusa ardhi, na ndani yake kulikuwa na mawakili, waganga na wafanyabiashara waliovaa soksi nene kama watoto. Walikuwa wameacha nyumba zenye joto, wakasafiri siku nzima kwa treni, kisha wakapandishwa na farasi wanaokokota gari lisilo na magurudumu, ili waje kugandisha pua. Jioni walikaa wakizunguka jiko la vigae, nyuso zao nyekundu, wakisimuliana walivyoanguka. Aliyeanguka vibaya zaidi ndiye aliyesikilizwa zaidi. Walinitazama sana, kama ilivyokuwa desturi yao, na bibi mmoja aliniuliza kwa upole kama baridi haitanichubua rangi. Nilimjibu kwamba nimeipaka mara mbili.

Lakini siku ya pili kicheko kiliniisha, kikaja kitu kingine. Alfajiri nilitazama dirishani nikawaona watoto wa mlima ule wakienda shule. Walikuwa wamefunga miguuni mbao mbili nyembamba, ndefu kuliko wao wenyewe, ncha zake zimepinda juu kama pua ya mtumbwi. Wakapita chini ya miti bila kelele, mmoja nyuma ya mwingine, mifuko ya vitabu mgongoni, wakateleza wakapotea. Sijaona tena kitu kilichokwenda vizuri namna ile. Nyuma yao ilibaki mistari miwili tu, imenyooka.

Mwenye hoteli alikuwa mama mjane, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Alinikuta bado nimebandika paji la uso kwenye kioo.

“Kwenu watoto huendaje shule?” aliuliza.

“Mafuriko yakija, kwa mtumbwi.”

“Wangapi huzama?”

“Wasiosikia.”

“Hapa pia,” alisema, akaenda kukanda unga wake.

Tangu hapo tulielewana. Mama yule aliijua theluji kama mama yangu anavyoyajua maji. Aliikanyaga nje ya mlango, akaisikiliza inavyolia chini ya kiatu, akasema leo twendeni, kesho msithubutu. Mawakili na waganga walimtii kama watoto wa ubatizo. Nami nilimheshimu kuliko maprofesa wote niliokuwa nimewasikia, maana maprofesa wakikosea hakuna anayefunikwa na theluji iliyoporomoka.

Nikapewa mbao zangu. Wenyewe waliziita skii. Pamoja nazo nikapewa fimbo moja ndefu kunizidi, na nilipoishika mkononi nilicheka kwa sauti, kwa sababu ilikuwa upondo. Mndamba huanza kusimama kwenye mtumbwi kabla hajajua kufunga shuka. Husimama wima katika gogo lililochongwa, jembamba, linaloyumba, na kwa upondo mmoja hulisukuma, huligeuza na hulisimamisha. Nikamwambia yule kijana mrefu kwamba mchezo wao ni wa kwetu, ila wao wamekosa maji.

“Mwalimu anajua?” alishangaa.

“Nimezaliwa nikijua.”

Nilikwenda hatua ishirini, na hatua zile ishirini zilikuwa nzuri. Nilisimama sawa, magoti yamelegea, na watu wakaacha kuongea. Kisha mteremko ukaongezeka, mbao zikashika mbio, na mimi nikafanya kile ambacho kila Mndamba hukifanya mtumbwi ukikimbia: niliukita upondo mbele yangu kwa nguvu zote, ili uguse chini, niuegemee, nisimame. Mtoni, chini pana mchanga. Pale hapakuwa na chini. Upondo ukazama wote hadi mikononi, mbao zikaendelea na safari yao, nami nikabaki hewani kwa muda ambao wanafunzi wangu waliujadili baadaye kwa siku mbili. Niliingia kwenye theluji kwa kichwa.

Juu yangu nikasikia sauti. “Shikamoo, Mwalimu!”

Nilikuwa nimewafundisha kwamba mdogo hainuki wala hapiti bila kumwamkia mkubwa, na kijana yule alikuwa mwanafunzi mwema.

“Marahaba,” nilijibu kutoka ndani ya shimo, kinywa kimejaa theluji.

Nilirudia kosa lile mara tisa au kumi. Kichwa kilikwisha kuelewa. Mikono ndiyo iliyokataa. Kila nilipoogopa, mikono ilikwenda Kilombero kutafuta mchanga wa chini ya mto. Mama mwenye hoteli alitazama mlangoni, unga viganjani, mwishowe akapaza sauti: “Bwana mweusi! Ukiogopa, kaa kitako! Kukaa si aibu!” Nikakaa. Nikasimama palepale. Huo ndio mhadhara ulionifaa kuliko yote ya Ujerumani.

Siku ya nne theluji ilianguka mchana na usiku, njia ya farasi ikazibwa. Tarishi wa posta, ambaye kila siku alipanda na skii zake na mfuko wa barua, alikuwa chini kijijini na homa. Hoteli ilikuwa na simu ya ukutani. Asubuhi ikalia, mama mwenye hoteli akasikiliza, akanigeukia akiwa bado ameishika.

“Posta wanasema iko barua yako. Ina stempu ya koloni.”

Chumba kizima kilisikia.

“Njia itafunguliwa lini?”

“Siku tatu. Labda nne.”

“Waambie waifungue, wanisomee kwenye simu.”

Alizungumza, akasikiliza, akatikisa kichwa. “Mkuu wa posta anasema barua ni ya mwenyewe. Sheria.”

Nilikwenda kuchukua mbao zangu. Kijana mrefu akanifuata hadi nje.

“Mwalimu, chini ni mbali. Wewe utavunja shingo.”

“Ikivunjika, utaniamkia.”

Hakucheka. Alifunga mbao zake pia. Mama mwenye hoteli alitoka, akaikanyaga theluji, akaisikiliza, akaenda hatua chache zaidi akaisikiliza tena. Nilimtazama kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu. Mwishowe akasema, “Pitieni msituni, si kwenye uwanda mweupe. Na kumbuka kitako.”

Sitadai kwamba niliteremka vizuri. Niliteremka kwa kukaa. Mti ukija, nakaa. Bonde likija, nakaa. Pasipo na kitu chochote pia nilikaa, kwa tahadhari. Kijana alinitangulia, akanisubiri, akanitangulia tena. Lakini hata mtu aliye na hofu ana macho. Misonobari ilikuwa imeinama chini ya mzigo mweupe, na tawi moja likijikung'uta, msitu mzima ulisikia. Palikuwa na ukimya ambao sijausikia kwingine, si wa usiku wala wa kanisa. Nilielewa kwa nini wale mawakili huja. Mtu hawezi kuuleta ukimya ule nyumbani, lazima aufuate. Nilitamani mama yangu angeuona, na papo hapo nikakumbuka kwamba sijui kama bado anaona.

Chini ya msitu mlima uliisha, yakabaki malisho, tambarare hadi kijijini, theluji imeganda juu yake ngumu. Huko kijana alianza kuchoka, maana mahali tambarare mbao haziendi zenyewe. Mimi nilikita upondo. Safari hii uligusa chini. Nikausukuma, nikauvuta, nikausukuma, kama mtu anayewahi Kivukoni kwetu kabla ya jua, na mikono yangu, iliyokuwa imenitia aibu siku tatu, ikajua kazi yake. Nilimpita.

“Mwalimu!” alilia nyuma yangu. “Mwalimu, polepole!”

Nikazidi kusukuma. Nadhani ndiyo mara pekee nilipomshinda Mjerumani kwa jambo lolote, nami sikuwa na wakati wa kulifurahia.

Mkuu wa posta aliniuliza jina, ingawa kijijini kwake hapakuwa na mtu mwingine wa kuchanganywa nami. Akanipa. Bahasha ilikuwa imechafuka, na mwandiko ulikuwa wa padri wetu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikaifungua kwa meno.

Mama alikuwa hai.

Padri aliandika kwamba vita vilipofika, wanawake waliingia na mitumbwi kwenye matete, wakakaa kwenye kisiwa wiki nyingi wakila samaki na mizizi ya yungiyungi. Baadaye maghala ya mpunga yalichomwa, na mashamba pia, hapakuwa tena na cha kurudia. Mama alifika misheni kwa miguu, amekonda sana. Mwisho padri aliongeza maneno ambayo mama, kwa Kiswahili chake kidogo, alimtaka ayaandike jinsi alivyoyasema: “Usirudi sasa. Hakuna chakula cha kukupa.”

Niliisoma mara nyingi, nimesimama, theluji ikiyeyuka na kutiririka kutoka kwenye koti langu hadi sakafuni kwa mkuu wa posta. Kijana mrefu aliingia akihema.

“Habari njema?”

Nikampa barua. Ilikuwa kwa lugha yake. Alisoma taratibu, midomo ikicheza.

“Ni hai!” alisema. Kisha akaendelea kusoma. “Hapa padri ameandika maghala yalichomwa. Hasemi na nani.”

“Hasemi.”

“Nani alichoma?”

“Soma tena.”

Akasoma tena. Mwaka uliofuata alikuwa aende kwetu, na cheo chake bomani alikwisha kukijua. Masikio yake yaliingia wekundu ambao haukuwa wa baridi. Alikunja barua kwa mikunjo ileile aliyoikuta, akanirudishia kwa mikono miwili, jinsi nilivyowafundisha kumpa mkubwa kitu. Sikumfundisha la kusema.

Mkuu wa posta alikohoa, akasema mfuko wa barua unaondoka baada ya saa moja, kama nina jibu. Alinipa kiti na karatasi. Nilikuwa na mkataba na chuo, na mwaka mmoja na zaidi ulikuwa umebaki. Padri angesoma jibu langu, na padri alikuwa mtu wa kufuata mikataba. Angemwandikia profesa wa chuo kabla mimi sijafunga sanduku. Lakini alikuwa mgeni kwetu. Alijua Kiswahili vizuri, na Kindamba alijua salamu tu.

Kwa hiyo nikaandika kwa Kindamba, lugha ambayo sikuwahi kuiandika hata neno, herufi moja moja, kwa jinsi Mjerumani angezitamka. Niliandika kwamba nakuja. Niliandika kwamba sifuati chakula, kwamba nitavua. Padri angesimama mbele ya mama na kumsomea yote kwa sauti kubwa, bila kuelewa anachosema, na mama, ambaye hajawahi kukaidiwa na mwanawe, angemkaripia padri, kwa kuwa mimi nilikuwa mbali na padri alikuwa karibu.