Mashine Ilipomkataa Mwenye Jina

Mwalimu aliyetufundisha kompyuta mtaani Mirongo, ghorofani juu ya duka la vitenge, alikuwa na wimbo wake mmoja: kila mtu mstari mmoja, na kila mstari mtu mmoja. Alichora jedwali ubaoni akasema kosa baya kuliko yote ni kuwa na mistari miwili usiyoweza kuitofautisha. Ndiyo maana kila jedwali lazima liwe na ufunguo, yaani kitu ambacho kila mtu anacho na hakifanani kwa watu wowote wawili. Akauliza kama jina linafaa kuwa ufunguo. Darasa likaitikia kwamba linafaa, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote. Nikikumbuka, natamani ardhi ipasuke inimeze, kwa sababu jina nililokuwa nikilitumia siku ile lilikuwa la mtu mwingine.

Nilikuwa nimefeli darasa la saba nyumbani Kiseke, na kurudia kulikuwa marufuku. Baba alikuwa na rafiki yake, mwalimu mkuu wa shule moja huko Magu, na katika shule hiyo msichana mmoja alikuwa ameacha masomo akiwa darasa la sita. Nikapewa nafasi yake, na pamoja na nafasi nikapewa jina lake, jina la baba yake na mwaka wake wa kuzaliwa. Wazazi wengi walifanya hivyo na wala hawakunong'ona. Asubuhi ya kwanza mwalimu aliita jina, nikajibu "nipo", na darasa zima likaangua kicheko, maana walimjua mwenyewe. Nilifaulu kwa jina hilo, nikaenda nalo sekondari. Nyumbani tu ndiko walikoniita kwa jina nililozaliwa nalo.

Kazi niliipata kwenye kiwanda cha minofu ya sangara ukingoni mwa ziwa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, viwanda vya watu binafsi vikichipuka, na chetu kilikuwa na kompyuta moja, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma isipate vumbi. Bosi akaniagiza niwaingize wafanyakazi wote. Mwanzoni nilirundika kila kitu kwenye jedwali moja, mtu na zamu zake zote, hata jina la mtu mmoja likawa linajirudia ukurasa mzima. Nikalivunja. Nikaweka jedwali la watu peke yake na jedwali la zamu peke yake, yaunganishwe na ufunguo. Nilijiona nimefika.

Tatizo likawa ufunguo wenyewe. Namba za kiwandani ziliandikwa kwenye mabuti, na kibarua akiondoka, mabuti na namba yake alipewa mwingine. Basi nikachukua jina, jina la baba, mwaka wa kuzaliwa na shule ya msingi, nikajiambia hakuna watu wawili watakaofanana kwa yote hayo. Nikaiagiza mashine imkatae yeyote atakayefanana na aliyemo. Wa kwanza kumwingiza, kwa majaribio, nilikuwa mimi. Mtu mwenye historia yangu kuwaza hivyo! Sijui akili nilikuwa nimeiweka wapi.

Wakaja vibarua wapya wa kukata minofu, wakapanga foleni dirishani kwangu. Mwanamke mmoja wa rika langu akataja jina lake, na vidole vyangu viliandika kabla sijasikia vizuri. Akataja la baba yake. Akataja mwaka, kisha shule. Mashine ikalia, ikaandika kwamba mtu huyo yumo tayari.

Bosi, aliyekuwa kwenye simu chumba cha ndani, akauliza kuna nini. Nikamjibu kuna mtu mashine inasema yumo. Hakuinuka. Alisema huyo atakuwa alifukuzwa na sasa anarudi kwa mlango wa nyuma.

"Mwambie atoe jina jingine, la bibi yake au lolote," akasema. "Kama hana, aende."

Nikarudi dirishani kumpa ujumbe huo, nikaghairi. Jina lilikwisha kumtoka mara moja, na sasa nimwambie aliache tena ili mimi nikae nalo kwa raha zangu? Nikamwambia asubiri, kosa si lake, ni la jedwali.

Nikaongeza safu moja ya namba, isiyo ya buti, ambayo mtu anapewa mara moja na haipewi mwingine hata akiondoka. Hiyo ndiyo ikawa ufunguo, na jina likabaki kuwa jina tu. Jedwali la zamu nalo nikaliunganisha kwa namba. Nilipomaliza, wenzake walikuwa wamekwenda kula. Nikamwandika upya na mashine ikampokea kimya, mistari miwili ikafuatana, jina lile lile.

Nilipoinua kichwa alikuwa anasoma kitambulisho kifuani kwangu.

"Kumbe ni wewe," akasema taratibu. "Uko mjini."

Nikamwomba radhi. Akasema kijijini walimtania miaka mingi, kwamba jina lake limefaulu, limekwenda sekondari, na yeye yuko pale pale anaanika dagaa. Alilisema bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza kabisa.

"Lilisoma mpaka wapi?" akauliza.

"Kidato cha nne."

Akatikisa kichwa kukubali, ameridhika kama mzazi anayesikia habari za mwanawe.

"Na hesabu? Mimi nilikuwa naongoza kwenye hesabu."

Nusura nidanganye.

"Nilifeli," nikasema.

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Ulifeli hesabu kwa jina langu," akasema, akachukua mabuti yake akaenda kuanza kazi.