Msiba wa Mzee Lugano

Mimi Hezroni ndiye niliyeupeleka msiba nyumbani kwa Tusekile, na wanaonicheka hapa Busale waendelee kucheka. Kwetu mtu akisikia kilio habaki kuuliza maswali. Anabeba mkungu wa ndizi anakwenda, mengine atayajua hukohuko.

Tusekile ni jirani yangu, mjane wa miaka hamsini na mbili, mkulima wa mpunga na kakao. Alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na moja. Aliyemfundisha ni Mwalimu Odilia, mgeni aliyeletwa na serikali kutoka Bukoba. Kila akitoka shule alimkalisha jikoni kwake na kumwandikia herufi sakafuni kwa mkaa. Baadaye akamwazima vitabu vya hadithi za nchi zisizokuwepo, zenye wazee wa maajabu wanaoongea na upepo na kufundisha vijana. Tangu hapo Tusekile hajapona.

Wazee hao anawajua mmoja mmoja, na ana upendeleo usio na aibu. Wanaorusha radi hawapendi, anasema wanajionyesha tu. Anampenda yule anayejua jibu lakini ananyamaza mpaka mwanafunzi ajikwae kwanza. Neno mchawi halitumii, maana huku kwetu halichezewi hata kwa utani. Yeye anawaita walimu wenye fimbo.

Miaka mitatu iliyopita akaanza kuandika hadithi yake mwenyewe kwenye madaftari. Ina mzee wa maajabu anayeishi ufukweni Mwaya na kumfundisha binti mmoja aitwaye Kisa. Jina la mzee sikuwahi kuliuliza. Nilikuwa na magugu ya kung'oa. Kila Jumamosi mchana Tusekile huwasomea wanawake wanaogeuza kakao kwenye vichanja, nao hugeuza polepole makusudi.

Kilichomshinda ni mwisho. Aliniambia, "Mzee lazima afe, la sivyo Kisa atamwuliza kila kitu mpaka azeeke." Mara mbili alimuua, mara mbili akachana karatasi. Nikamfokea kwamba mtu wa kwenye daftari haachi mjane wala yatima, amalize tupumzike. Nami nilijua kinachomuuma, ila mdomo wangu haujui kusubiri. Mwalimu Odilia alifia kwao Bukoba, na habari zilimfikia Tusekile mwezi mzima baada ya mazishi. Kwetu kutomzika mtu wako ni kidonda.

Jumamosi moja natoka shambani nikakuta vilio kwenye vichanja. Atupele, mke wa kaka yangu, amejishika kichwa.

"Kuna nini?"

"Mzee Lugano ametutoka!"

Nami najua Tusekile ana mjomba kijiji cha Talatala, jina lake Lugano. Sikusubiri neno la pili. Nilipita nyumba hadi nyumba, nikamtuma mtu wa pikipiki hadi Talatala kwa jamaa zake, awaambie Tusekile kafiwa.

Kufikia saa tisa uani kwake pamefungwa turubai, mabenchi ya kanisani yamepangwa, wali uko motoni sufuria tatu, na vijana wenye majembe wananiuliza kaburi lichimbwe wapi. Tusekile alipofika na wenzake kutoka vichanjani, daftari lake kwapani, akabaki mdomo wazi.

"Tata Hezroni, nani amekufa?" akaniuliza; tata kwetu ni baba, wito wa heshima.

"Mjomba wako Lugano! Pole sana."

"Mjomba si yule pale amekaa?"

Nikageuka. Mzee Lugano wa Talatala alikuwa kwenye benchi la mbele, mkungu wa ndizi miguuni, kaja kuzika kama wenzake. Akanitazama kwa huruma, akauliza, "Kwani mimi nimekufa lini, mwanangu?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kumbe Lugano aliyekufa ni yule mzee wa kwenye daftari. Nikaanza kufungua kamba za turubai kwa hasira, nikiwatukana wanawake wote wanaomlilia mtu wa karatasi.

"Acha, tata," Tusekile akasema. "Wali umeshaiva. Kaeni."

Tukakaa. Atupele, kwa utani wake, akasimama kama wasemaji wa msibani wanavyosimama. "Marehemu alinifundisha nisimjibu mume wangu kabla sijashiba," akasema. Kicheko kikaanza upya. Mwingine akasema marehemu alikuwa mkali, lakini hakuwahi kumcheka Kisa alipokosea. Akasimama wa tatu, na wa nne, na kicheko kikawa kinapungua.

Mwisho akasimama Tusekile, daftari limefungwa.

"Mimi marehemu wangu anaitwa Odilia," akasema. "Nilikuwa mtu mzima sijui hata kusoma jina langu, naye hakunicheka. Amekufa, sikumzika. Kila nikimuua yule mzee, naona namuua yeye mara ya pili."

Hakuweza kuendelea. Mama mmoja akaanza kulia, wengine wakampokea, na kilio kile hakikuwa cha daftari tena. Tulimlilia mwanamke wa Bukoba ambaye nusu yetu hatukuwahi kumwona, tukamwimbia nyimbo zote za kuaga tunazozijua, tukala wali wake hadi ukoko. Mjomba Lugano aliimba kuliko wote.

Watu walipotawanyika Tusekile akanishika mkono. "Ndaga fijo, tata," akasema, yaani asante sana. "Karatasi ya leo siichani."

Mimi mwenye mdomo nilikuwa nalia.