Maabara Niliyoijenga kwa Mdomo

Nakumbuka mchana mmoja wa Desemba, mjukuu wangu, senene, wale panzi tunaowala, wakiwa wengi hata kuku walishiba wakawaacha. Nilikuwa nimerudi nyumbani Kishanda kwa likizo, msichana wa kidato cha pili, na baba yangu alikuwa amealika watu waje wanione.

Kabla sijaendelea, nikwambie kwa nini nakueleza habari hii. Juzi ulipofika kutoka chuoni kwako, hicho chuo kikuu cha binafsi ambacho wazazi wako wanakusomesha kwa kujinyima, nilimsikia jirani akikuuliza kikoje, maana ana mtoto anayetaka kukufuata. Ukamjibu, "Kiko vizuri tu," huku unatazama chini. Sikusema neno mbele ya mgeni. Lakini jibu la namna hiyo nalifahamu. Mimi mwenyewe nililitoa, kabla mama yako hajazaliwa, na hadi leo linaniuma.

Wakati wetu vyuo vikuu vya binafsi havikuwapo. Kulikuwa na sekondari. Uhuru ulikuwa umekuja, Azimio limetangazwa, kila mkutano wa kijiji ulianza na wimbo wa ujamaa, na kila mzazi wa Ziwa Magharibi, kama mkoa wetu ulivyoitwa siku hizo, alitaka mtoto wake asome. Nafasi za serikali hazikutosha. Aliyekosa alirudi kushika jembe, isipokuwa baba yake awe na kahawa ya kumpeleka shule ya kulipia. Mimi nilikosa. Tata, ndivyo tunavyomwita baba sisi Wahaya, akanipeleka shule moja ya binafsi mjini Bukoba. Jina lake silitaji. Majengo yake yalishabomolewa, na marehemu hasengenywi.

Shule ile ilikuwaje? Nitakwambia leo kama nilivyopaswa kuwaambia wao. Bweni la wasichana lilivuja, na mvua za Bukoba unazijua, hazibishi hodi. Tuliolelewa kwa ndizi na maharage tulikula ugali wenye wadudu asubuhi na jioni. Mwalimu wa hesabu alikuja mwezi wa tatu akaondoka kabla ya Juni, na hakuletwa mwingine. Maabara ilikuwa chumba kilichoandikwa "Maabara" mlangoni. Ndani mlikuwa na majembe ya shamba la shule na magunia ya maharage. Jumapili tulipopita Kahororo, sekondari ya serikali, tuliwaona wanafunzi wake wamebeba vitabu, nasi tulikuwa na daftari tu.

Hata hivyo nisiidhulumu. Palikuwa na Mwalimu Eliseba, mama wa Kilutheri aliyefundisha jiografia. Ramani hatukuwa nayo, basi aliichora dunia nzima kwa mkono kwenye kitambaa cha amerikani, akakitundika ukutani. Mpaka leo nikifumba macho naiona mito yake ya wino wa bluu. Huyo alinifanya niwe mtu. Shule ilikuwa hivyo, mwanangu: mbaya kwa mengi, njema kwa mama mmoja.

Sasa turudi kwenye ule mchana. Walikuja majirani, akaja balozi wa nyumba kumi, akaja mwenyekiti wa kijiji. Mama alikuwa amepika ndizi tangu alfajiri. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, ilipozunguka, mwenyekiti akasema, "Haya Paskazia, wewe ndiye macho yetu huko mjini. Shule ikoje?"

Nikasimama. Tata alikuwa amekaa kwenye kigoda kipya, amevaa koti lake la kanisani, na uso wake uling'aa. Nilimtazama, nikauacha ukweli. Nikaanza: walimu wapo wa kila somo. Chakula ni wali mara tatu kwa wiki. Maabara ina chupa za vioo ukuta mzima, na mwalimu akichanganya dawa moshi wa kijani unatoka. Watu wakapiga makofi. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku ile ulicheza ngoma.

Mlangoni alisimama mdogo wangu Fideli, ametulia, anasikiliza.

Fideli nikujulishe. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu, mwembamba, asiyesema sana. Kile kigoda alichokalia Tata alikichonga yeye. Patasi ilikuwa imemkata ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, lakini hakuacha. Kila kipande cha mti alikigeuzageuza kama mtu anayesoma barua. Bruda mmoja wa misheni, fundi seremala, alikuwa ameona kazi yake akasema, "Mleteni kwangu Januari, nitamfundisha." Fideli alikuwa akihesabu siku.

Kesho yake asubuhi Tata aliniita kibanjani, kwenye migomba. Alikuwa akikata majani makavu. Hakunitazama alipoanza kusema.

"Paska, jana umenipa heshima. Sasa nataka ushauri wako. Fideli nimpeleke kwa Bruda, au nimpeleke huko kwenu asome kama wewe? Yeye mwenyewe anataka useremala. Lakini mtu anayechanganya dawa mpaka moshi wa kijani unatoka, si ni zaidi ya seremala?"

Mwanangu, hapo hapakuwa na mkutano wala makofi. Tulikuwa wawili tu, mimi na mzazi wangu, na swali lililoulizwa kwa upole. Ningeweza kusema, "Tata, jana nilitia chumvi." Maneno manne tu. Niliyapanga mdomoni. Kisha nikafikiri: nikisema hivyo, jana itakuwa aibu. Koti lake la kanisani, makofi ya mwenyekiti, ndizi za mama, vyote vitakuwa aibu. Na mimi mwenyewe nitaonekana nasoma mahali pa ovyo.

Nikasema, "Mpeleke shule, Tata."

Akasema, "Asante, mwanangu." Akaendelea kukata majani.

Januari tukapanda basi pamoja, mimi na Fideli. Siku ya pili pale shuleni alinifuata wakati wa mapumziko. Viatu vyake bado vilikuwa vipya.

"Dada, maabara iko wapi?"

Nikamwonyesha ule mlango. Akachungulia dirishani, akakaa hapo muda mrefu. Aliponigeukia nilidhani atanitukana. Ningemshukuru kama angenitukana.

"Tata anajua?" aliniuliza.

"Hajui."

"Basi na asijue. Nikimwambia, nitakuwa nimekuita mwongo mbele yake."

Hivyo ndivyo alivyonilinda, yeye mdogo wangu. Kila likizo walimuuliza, naye akajibu, "Ni kama dada alivyosema."

Mimi nilipona kwa sababu ya Mwalimu Eliseba. Nilifaulu somo lake na la Kiswahili, nikachukuliwa ualimu, nikapangiwa shule ya msingi huku Muleba. Fideli hakuwa mtoto wa kukariri. Akili yake ilikuwa mikononi na kwenye vipimo. Angepata mwalimu wa hesabu angeng'ara. Hakumpata. Miaka minne alikaa kwenye dawati akitazama ubao mtupu, na matokeo yalipotoka, hakuwa na hata somo moja la kumshika mkono. Alikwenda kwa Bruda akiwa na aibu yake. Bruda alikuwa amehamishwa, na kijana aliyechukua nafasi ile tayari alikuwa fundi mwenye karakana. Majuto ni mjukuu, wanasema. Kwangu hayakungoja uzee. Yalikuwa yameshafika, yamekaa sebuleni.

Nyumbani hakuna aliyemsema vibaya, na labda hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alikuwa akienda shamba la kijiji na wenzake, analima, anarudi, hasemi. Asubuhi moja alimuaga mama, akasema anakwenda kutafuta kazi Uganda. Vijana wengi wa kwetu walivuka hivyo. Mama alimshika mkono akasema, "Bojo, tafadhali mwanangu, ngoja hata mvua ipungue." Hakungoja.

Baada ya miezi mingi ikaja barua. Tata alijua kusoma kidogo, lakini barua alipenda nimsomee mimi, mwalimu wake wa nyumbani. Tulikaa barazani, yeye, mama na mimi. Nikafungua. Fideli aliandika kwamba yuko Masaka. Mahali ni pazuri. Anakula vizuri. Chumba ni kikubwa, tajiri wake ni mtu wa upendo, tusiwe na wasiwasi.

Nilifika katikati nikashindwa. Niliijua barua ile, mwanangu. Niliijua sentensi kwa sentensi, kwa kuwa nilikuwa nimeziandika kama hizo miaka minne kutoka shule ile. Nikajua kwamba mdogo wangu ana njaa.

"Soma," Tata akasema.

"Tata, barua hii si kweli."

"Umejuaje?"

Ndipo nikatapika yote: ugali, bweni, ubao mtupu, majembe ndani ya maabara. Nikamkumbusha asubuhi ile kibanjani. Mama alijifunika uso kwa kitenge. Tata aliichukua barua mkononi mwangu, akaikunja. Alipozungumza sauti yake haikupanda.

"Paska, shule mbaya ningeivumilia. Watu wamesoma katika shule mbaya wakawa watu. Lakini mimi sikuwahi kulala katika bweni lile. Sikuwahi kukaa katika dawati lile. Nilikutuma wewe ukaone kwa niaba yangu. Nilipokuuliza, hukunidanganya mimi peke yangu. Ulinitoboa macho, kisha ukaniacha nimshike mtoto mkono nimwongoze njia."

"Nisamehe, Tata."

"Nimeshakusamehe. Ila msamaha wangu haujui njia ya kwenda Masaka. Chukua kalamu. Mwandikie arudi. Mwambie baba yake anajua yote, na hana deni la aibu kwa mtu."

Nikaandika. Sijapata kuandika barua ya kweli kama ile. Hatukupata jibu. Hatukujua kama ilifika. Kisha mambo ya mpakani yakaharibika, vita na Uganda ikaja, na unajua Kagera ilivyolia.

Vita ilipokwisha Tata alisafiri. Alikuwa mtu mzima, magoti yanamsumbua, lakini alivuka mpaka pale Mutukula akaenda hadi Masaka akiuliza nyumba kwa nyumba. Mji ulikuwa umebomoka. Akampata mzee mmoja mwenye karakana ya vitanda na milango. Mzee akasema ndiyo, Mtanzania mrefu mwenye kidole kilichokatika alifanya kazi hapa. Mizinga ilipokaribia, watu walikimbilia kaskazini, naye akakimbia nao. Tangu hapo hakuonekana.

Tata aliporudi tulimzunguka. Aliketi, akaomba maji, akanywa. Tulingoja. Akasema jambo moja tu: "Yule mzee ameniambia, katika mafundi wake wote, Fideli ndiye aliyekuwa fundi."

Kisha akalia. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia, na sikumwona tena baadaye.

Alikufa bila habari nyingine. Mama aliishi miaka mingi. Kila aliposikia mtu ametoka Uganda, awe mfanyabiashara, awe padri, alimfuata mpaka barabarani, akamsihi kwa heshima: "Waitu, hukumwona kijana mrefu, kidole kidogo cha kushoto hakina ncha?" Miaka ilipita, angekuwa mzee mwenye mvi, lakini mama aliendelea kusema "kijana". Mimi nilisimama kando yake nikisikia swali lile, na kila mara nilijua ni nani aliyelianzisha.

Najua utaniambia, bibi, si wewe uliyeleta vita. Wengine wameniambia hivyo, hata padri kwenye kitubio. Ni kweli. Njia ya mtu ina kona nyingi, na huenda Fideli angevuka mpaka hata kama angekuwa seremala wa Bruda. Sijui. Lakini kona ya kwanza niliigeuza mimi, na hilo nalijua.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na uishike. Mzazi aliyekupeleka mahali asipoweza kufika amekukabidhi macho yake. Akikuuliza chuo kikoje, usimpe sifa za kumfurahisha, wala usimpe kinyongo cha siku uliyokasirika. Mpe kilichopo. Kama mhadhiri haji darasani, sema haji. Kama yupo mmoja anayekupenda na kukufundisha kwa moyo, mtaje kwa jina, umtendee haki. Kama ulipanga chumba Bilele, pale Bukoba, ukalala na njaa, sema ulilala na njaa. Kweli huwa chungu siku ya kwanza, kama kahawa mbichi mdomoni. Uongo unaanza kuwa mchungu pale ambapo huwezi tena kuutema. Usiogope kwamba ukweli utawavunja moyo waliojinyima kwa ajili yako. Walijinyima ili wewe ujue, si ili wao wasijue.

Na ukiwa umekwisha kudanganya, kama mimi, basi rudi upesi. Usingoje barua. Yule jirani nyumba yake haiko mbali, na mtoto wake bado yuko nyumbani. Nenda ukamwambie yaliyo mema na yaliyo mabaya, kisha achague mwenyewe.

Mungu wa baba zetu akupe ulimi ulionyooka na moyo usioona haya kuutaja ugali wenye wadudu. Akufungulie unayoyasoma, akuepushe na majuto yasiyo na pa kwenda kuomba radhi. Wanaokutegemea wakikuuliza, wapate jibu. Nawe uishi uone watoto wa watoto wako wakikuamini kwa neno lako. Nenda, mwanangu. Nenda kabla mvua haijashuka.