Kahawa ya Mara ya Tatu

Mimi nimesoma mpaka darasa la sita, tena hilo la sita nililisoma mara mbili kwa kulipenda, kwa hiyo habari za ukoo wetu niachieni mimi. Binamu zangu wenye vyeti watawaambia kwamba babu yetu, Aslak Brekkhus, alilichagua kanisa la magharibi baada ya kusali na kutafakari. Uongo mtupu. Babu alichagua kwa tumbo.

Alifika hapa Minnesota mwaka 1886 kutoka Norwe, yeye na bibi Gunvor, maksai wawili, na mtoto mchanga aliyezaliwa njiani ndani ya gari la maksai. Mtoto huyo ndiye baba yangu. Wiki tisa nzima hakuwa na jina kwa kuwa hajabatizwa, na hakubatizwa kwa kuwa kwenye njia panda yetu yalikuwako makanisa mawili: yote ya Kilutheri, yote ya Wanorwe, yote meupe, yanatazamana kama majogoo. Waumini wake waligombania iwapo Mungu huwachagua watu kabla hajawaumba au akishawaona tabia zao. Hata kahawa hawakupatana. La mashariki lilisali saa tatu na kugawa kahawa watu wakitoka. La magharibi lilisali saa tano na kugawa kahawa watu wakiingia.

Mchungaji wa mashariki alikuja Jumanne kumshawishi babu. Babu akashawishika. Wa magharibi akaja Alhamisi. Babu akashawishika tena. Bibi akachoka.

"Baba Huyo," akamwambia, maana mtoto waliishia kumwita Huyo, "theluji hiyo inakuja. Ikianguka, njia imefungwa mpaka Machi. Unataka mwanangu amalize baridi yote anaitwa Huyo?"

"Nitaamua Jumapili."

"Jumapili ya mwaka gani?"

"Hii hii, mama. Mwanamume hakurupushwi."

Sasa, kwetu mtu mwenye adabu akikaribishwa kahawa mara ya kwanza hukataa. Ya pili hukataa kwa huzuni kidogo. Ya tatu hupokea nusu kikombe, eti kumridhisha mwenyeji. Babu alikuwa bingwa wa mchezo huo. Adabu yangu mnayoisifia nimeirithi kwake.

Jumapili wakatoka alfajiri bila kutia kitu tumboni. Wakasali mashariki. Watu walipotoka, Mama Tollef, mke wa mzee wa kanisa, akamjia babu na birika linalofuka moshi.

"Kahawa, Aslak?"

"Hapana, usijisumbue."

"Hata kidogo?"

"Ah, nimeshiba hata sijui nitapumuaje."

"Haya," akasema Mama Tollef, akaenda zake kwa mtu mwingine.

Babu alibaki na mkono hewani. Mwanamke yule alikuwa ameishi Chicago miaka kumi na miwili, na huko mtu akisema hapana wanamwamini.

"Umeona?" babu akamfokea bibi. "Umeona watu hawa? Na mchungaji wao amehubiri upendo!"

"Si umesema umeshiba?"

"Gunvor, usinichokoze!" Akaenda kuwanung'unikia maksai. Bibi akambeba Huyo, akatangulia kuvuka barabara.

Babu alipofika magharibi akakutana na mjane mmoja, Bibi Torbjør, birika mkononi.

"Kahawa, mwanangu?"

"Hapana, ahsante."

"Umetoka mbali, kunywa."

"Hapana, kwa kweli." Tumbo lake likaguna, nalo likasikika mpaka kwa wanaume waliosimama mlangoni.

Hapo kengele ikalia. Watu wakaanza kuingia. Mjane akageuka, akapiga hatua moja, mbili. Babu akafumba macho. Baridi nzima ya mtoto asiye na jina ilikuwa ndani ya birika lile.

"Nusu tu, Aslak. Itamwagwa bure."

"Basi, kama itamwagwa," babu akasema, na kikombe kilikuwa kimeshamfika mdomoni.

Alikunywa vitatu. Baba yangu akabatizwa Halvor, na theluji ikaanza kuanguka wimbo wa mwisho ukiimbwa.

Bibi alikuwa na miaka themanini na minne aliponiambia mimi, peke yangu, kwa sababu mimi ndiye mwerevu wao. Alipotangulia kuvuka, alikwenda kumnong'oneza yule mjane: "Muulize mpaka akubali, hata mara kumi."

"Na kwa nini magharibi, bibi? Ulimpenda mchungaji?"

"Yule? Alikuwa anakoroma akisali. Jiko lao la kuni, la kupashia kanisa joto, lilikuwa upande wanakoketi wanawake."

"Na babu hakujua?"

"Alijua kwamba ameamua. Kahawa, mjukuu?"

"Hapana, bibi, usijisumbue."

"Kidogo tu."

"Nimeshiba kabisa."

Bibi akarudisha birika jikoni, akaketi, akanitazama huku anacheka.