Printa ya Harusi ya Easter

Kavata alipenda printa za wino kama watu wengine wanavyopenda paka: alizipa majina na kuzisemesha. Chumba chake cha kazi pale Kibarani, mjini Kilifi, kilijaa printa kuukuu zilizotupwa na ofisi zilizonunua mpya. Alikuwa ametoka Mwingi kuja kuhudumu katika saiba moja, duka la intaneti. Saiba ilipofungwa, alibaki na mashine zake na hamu kubwa ya kujua kwa nini zinakohoa.

Siku moja Mzee Masha, aliyekuwa na studio ya picha Malindi, alifika na tuktuk, akateremsha printa pana, nzito kama jiwe la kusagia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hii ndiyo iliyochapa picha za binti yangu Easter akiwa hana jino hata moja. Jumamosi anaolewa, nataka ichape na za harusi. Itaamka?"

"Mara ya mwisho ilifanya kazi lini?"

"Nywele zangu zilikuwa bado hazijaanza kunikimbia."

Kavata akakitoa kichwa cha kuchapia, akakilaza juu ya kitambaa chenye maji ya vuguvugu ili wino uliogandia kwenye vitundu vyake ulainike. Akaisugua mipira inayovuta karatasi. Nyekundu ikaja. Njano ikaja. Nyeusi ikaja kwa madaha. Buluu ikakataa katakata. Akaloweka tena, akairai, akaitukana kwa Kikamba, akaiomba msamaha.

Ijumaa mchana ukurasa wa majaribio ukatoka na mstari wa buluu, mzima, bila pengo. Kavata alipiga ukelele uliomfanya jirani yake Jedida, aliyekuwa akikaanga viazi karai, aingie mbio na upawa mkononi.

"Nyoka yuko wapi?"

"Buluu! Buluu imetoka!"

Jedida hakuelewa lolote, lakini alimwona mwenzake anavyoruka, naye akaruka.

Harusini Malindi, printa iliwekwa juu ya meza ya plastiki kando ya hema. Kichwa kilipoanza kwenda kushoto na kulia, meza nayo ikatikisika, na printa ikaanza kutembea polepole kuelekea kwenye sufuria la pilau. Kijana mmoja mrefu, Hesbon, binamu wa bwana harusi, akairukia meza na kuikumbatia.

"Usiiachie!" Kavata akapaza sauti.

"Sithubutu!"

Picha zikaanza kumiminika. Bibi Nyevu, nyanya wa bi harusi, alipoiona yake, leso ya buluu iking'aa, alicheka hadi akaketi chini. "Huyu mrembo ni nani? Nichapie mwingine!" Foleni ikalizunguka hema. Mshereheshaji akalalamika kwenye kipaza sauti, "Jamani, keki inakatwa na watu hawapo!" Wala haikuwa ikikatwa. Maharusi wenyewe walikuwa kwenye foleni, Easter amelikusanya gauni kwapani, akisukumana na shangazi zake. Mzee Masha alizunguka huku na huku akimwambia kila aliyekutana naye, "Ni ile ile! Ni ile ile!" huku akijipangusa macho.

Hesbon alitikisika pamoja na meza alasiri nzima.

"J-j-jina lako n-n-nani?" aliuliza.

Kavata alishindwa kujibu kwa kicheko. Ilibidi Hesbon asubiri karatasi iishe ndipo apate jina, na nambari ya simu pia.

Jumatatu simu ikalia.

"Kavata? Ni Hesbon, wa meza. Printa yangu imeharibika."

"Pole. Ni ya aina gani?"

"Bado sijainunua."

Kavata alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. "Basi tafuta iliyoharibika vibaya."

Akaja nayo Kibarani wiki hiyo hiyo, ameibeba kifuani kama mtoto mchanga, haina kifuniko, haina waya. Kavata akaigeuza, akachungulia ndani, akatikisa kichwa.

"Itachukua muda?" Hesbon akauliza kwa matumaini.

"Mrefu sana," Kavata akasema, akamvutia kiti.