Fundi Asiyetikisika

Kama hujawahi kumwona mume wangu akishona, kuna kitu umekosa. Miguu inakanyaga, gurudumu linazunguka, kitambaa kinateleza, lakini kuanzia kiunoni kwenda juu mtu hasogei. Unaweza kumwekea kikombe cha chai begani na kisimwagike. Wateja humwita Rula, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na mama yake. Mimi humwita Mzee, na nikikasirika simwiti kitu.

Siku alipozimia ndani ya chumba chake cha kazi, alianguka juu ya rundo la sare za shule, na la kwanza alilosema alipozinduka ni, "Zimechafuka?" Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Moyo wake, kumbe, ulikuwa unapiga kwa uvivu, mara upige, mara usahau. Hospitali wakamwekea chini ya ngozi ya kifua kile kifaa kidogo cha kuuongoza moyo, ambacho sisi nyumbani tunakiita betri. Nilimshukuru Mungu mpaka sauti ikanikauka. Nilikwenda na mume wa kijivujivu, nikarudi na mume mwenye rangi.

Kidonda kilipopona, daktari akamruhusu kazi na mazoezi. Akatueleza kwamba betri imewekewa kikomo: itausukuma moyo mpaka mapigo mia na ishirini kwa dakika, haivuki hapo. Atembee kila siku, na kipimo chake kiwe maongezi. Akiona hawezi tena kuongea, apunguze mwendo.

"Kuongea hakutamshinda, daktari," nikamwambia. "Kusikiliza ndiko kutakakonishinda mimi."

Kutembea kukaenda vizuri. Tulikuwa tunapanda kilima cha nyuma ya soko, yeye mbele akinisimulia jinsi mafundi wa siku hizi wanavyoharibu kola, mimi nyuma nahema utadhani mimi ndiye mgonjwa. Lakini akikaa kwenye cherehani, loo! Hamalizi mguu mmoja wa suruali, pumzi zimekata, mapaja mazito, kijasho chembamba kinamtoka. Mtu anapanda kilima anapiga soga, halafu anazidiwa akiwa kitini? Mwanzoni nilidhani anadeka. Nilipoona midomo imebadilika rangi, utani ukaniisha.

Mwanetu wa kwanza akapendekeza tuifungie cherehani mota. Kwa umeme huu wetu unaokuja na kuondoka bila kuaga? Na Mzee mwenyewe alishajipangia jibu.

"Mama watoto," akaniambia siku moja, ameshika tama, "mimi nimefika kile kikomo cha betri. Kutembea naweza, kazi basi."

Akamtafuta mnunuzi wa cherehani, fundi wa kike wa mtaa wa pili, wakakubaliana aje Jumamosi. Wee! Nilimpa maneno yake. Mume wangu bila ile cherehani ni mtu wa kukaa mlangoni akitazama wapita njia. Mimi sikumtoa hospitali ili nije nimwangalie akinyauka.

Bahati nzuri siku ya kliniki ilitangulia Jumamosi. Binti wa vipimo akamwekea Mzee kifuani kifaa cha kusomea betri, akasoma kwenye skrini.

"Ukitembea moyo unapanda vizuri, baba. Kuna shida yoyote?"

"Hakuna," akasema Mzee.

Hakuna! Nikadakia hapo hapo. "Usimsikilize, mwanangu. Huyu anauza cherehani yake kwa kukosa pumzi."

Binti akaacha alichokuwa anafanya. "Hebu nionyeshe unavyoshona, baba."

Mzee akavuta kiti cha plastiki, akakaa, akashika kitambaa kisichokuwepo, akaanza kukanyaga sakafu. Akakanyaga kwa bidii zake zote, mabega yametulia, uso kama wa picha ya kitambulisho. Binti akatazama skrini, akamtazama yeye, akarudi kwenye skrini. Kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Nisamehe, baba. Hii betri yako haioni miguu. Inasikia kifua kikitikisika. Ukitembea, kifua kinatikisika, nayo inajua kuna kazi, inaongeza mapigo. Ukishona hutikisiki kabisa, kwa hiyo inadhani umepumzika. Miguu inaomba damu, moyo uko taratibu tu. Kikomo ulichowekewa hata hujakikaribia."

Hujakikaribia. Nikatafuta pa kukaa.

Akamwita daktari, wakairekebisha betri isikie hata mtikisiko mdogo. "Lakini na wewe utusaidie," binti akamwambia. "Ukishona, chezesha mabega."

"Fundi hatikisiki," akasema Mzee. "Mshono utapinda."

Alinuna njia nzima. Tulipofika nyumbani uzalendo ukanishinda. "Basi upinde mshono, unyooke wewe!" nikamwambia. Akaenda kulala.

Jumamosi yule dada mnunuzi akaja. "Shikamoo, fundi." "Marahaba." Akaomba aone mashine inavyofanya kazi. Mzee akachukua pazia la mteja, akakaa, akaanza kupinda ukingo. Nilisimama mlangoni, roho mkononi. Mabega yalikuwa yamekaza vile vile, na haukupita muda nikaiona pumzi inaanza kumbana. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Akanitazama. Sikusema kitu, na wanaonijua wanajua nilivyopata taabu.

Akaanza tena. Bega la kulia likasogea, kidogo tu, kwa aibu, kama mtu anayelazimishwa kucheza harusini. Likafuata la kushoto. Nikauma kidole nisicheke. Akamaliza ukingo mmoja, akageuza pazia, akaingia wa pili. Pumzi ipo, midomo na rangi yake, na mabega sasa yanakwenda yenyewe. Yule dada akainama, akaufuata mshono kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho.

"Umenyooka, fundi," akasema.

Mzee akaendelea kukanyaga. Machozi yalikuwa yanamshuka, wala hakuyafuta, maana mikono ilikuwa kazini. Alipofika mwisho wa pazia ndipo akainua uso.

"Nisamehe, binti yangu. Nimekusumbua bure. Hii mashine siuzi."

"Nimeshaona, baba," yule dada akasema, naye anajipangusa macho. "Ningekuwa mimi nisingeiuza."

Nikakimbilia jikoni, nikaegemea ukuta, nikalia kwa sauti bila kumwonea mtu haya. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru yule binti wa vipimo na kicheko chake, nikakishukuru na kile kidude kilichomo kifuani mwa mume wangu. Nilikuwa bado nalia nilipomsikia akipaza sauti kule chumbani.

"Mama watoto! Pazia jingine liko wapi?"

Nikanawa uso, nikampelekea.