Kisanduku cha Mwimo wa Kulia

Shangazi Moinaecha aliniita kutoka Unguja kwa jambo moja: niende kisiwa cha Nosy Be nikamwombe rafiki yake wa zamani kisanduku cha mlangoni. Nilidhani ni kisingizio tu cha kuniona.

Nilipofika kwake mtaa wa Mangarivotra, mjini Mahajanga, Madagaska, hata maji sijanywa, alinionyesha matundu mawili ya misumari kwenye mwimo wa kulia wa mlango. Wakomoro kama yeye waliposhambuliwa wakalazimika kuukimbia mji, miaka ile ya sabini, nyumba alimwachia jirani yake Myahudi, Madamu Ester, mshona nguo. Ester alihamia humo, akapigilia kisanduku chake cha shaba, chembamba kama kidole. Shangazi aliporudi alikabidhiwa kila kitu, hata masufuria. Kisanduku tu kiling'olewa.

"Ndicho kilichoilinda nyumba, mwanangu. Nilimkosea nini hata aninyime?"

Tangu hapo hawakusemezana. Ester naye alihamia Nosy Be.

Safari ya kaskazini ilinitoa jasho: vumbi jekundu hadi puani, kisha boti kutoka bandari ya Ankify. Kisiwani nilipokewa na harufu ya langilangi, nikamkumbuka marehemu mama na nywele zake za sikukuu.

Katika kijiji cha Ambatoloaka nilimkuta Madamu Ester akirudi sokoni. Mlangoni aligusa kisanduku chake, akabusu vidole, ndipo akanigeukia: "Mbolatsara!" Hiyo ndiyo salamu ya huko. Nilimweleza shida yangu kwa Kifaransa cha kuokoteza.

"Si hirizi hii," alisema. "Ndani mna ngozi yenye maneno ya Taurati, kwamba Mungu ni mmoja. Mwenye nyumba amkumbuke akitoka na akiingia. Anapohamia asiye wa dini yetu tunakiondoa, kisije kikakosa wa kukitunza. Moinaecha alinuna kabla sijamweleza."

"Basi nyumba ililindwa na nini?"

"Na mimi! Wale washambuliaji walipokuja kuvunja, nilisimama mlangoni na mkasi wangu, nikawaambia hapa ni kwangu."

Nililia, wala sioni haya kusema. Miaka yote ile imepotea bure! Yeye alifunika cherehani, akatafuta viatu vyake vya safari.

Tuliporudi Mahajanga, Shangazi alitazama kwanza mikono yangu mitupu. Nilikuwa nimejifunza kuwa mlango hulindwa na mtu, nikajiandaa kumhubiria. Sikupata nafasi. Nyuma yangu Ester alikuwa amesimama nje ya kizingiti, akibisha hodi kwa sauti ndogo ya mgeni.

Shangazi alinipita hadi kizingitini.

"Ester," alisema, "tangu lini mtu akabisha hodi kwake?"